Bakuli la Supu Kifuani

Ukimwona mgonjwa amechorwa mistari ya wino kifuani, usimsugue. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo lililokaribia kuniua, na kwa sababu hakuna aliyeliandika mahali ambapo mimi au ndugu zangu tungeweza kulisoma. Mengine nitakayoeleza hapa unaweza kuyachukua au kuyaacha. Hilo moja naomba ulishike, na umwambie na wifi yako.

Naitwa Mwanaidi. Nauza supu ya pweza Nyamisati, pale abiria wanaposubiri boti za Mafia, na nimeiuza tangu binti yangu Shani anatambaa. Supu yangu ina tangawizi nyingi, kitunguu saumu, ndimu, na pilipili manga ninayoitwanga mwenyewe. Watu huinywa wamesimama, mabegi begani, jicho kwenye boti. Nayasema haya mjue ni mtu wa namna gani aliyezibwa koo. Mtu anayeonja sufuria kila alfajiri ndiye aliyefika mahali hawezi kumeza. Mpaka leo nikilifikiria hilo naudhika.

Ilianza wakati mpunga unatoa masuke, tulipokuwa Mahege kwa wakwe zangu tukiwinga ndege shambani. Ubwabwa ulikuwa unasimama katikati ya kifua. Nakunywa maji, unashuka. Baadaye maji nayo yakawa yanasimama. Na kila mtu alikuwa na jibu. Wengi walisema nimekwamwa na mwiba wa samaki, na kwetu mwiba una dawa moja inayojulikana na wote: unameza tonge la ugali bila kutafuna, tonge liusukume. Nimemezeshwa matonge na mama mkwe, na majirani, na fundi wa boti asiyenijua hata jina. Kila tonge lilirudi, na kila liliporudi niliambiwa sikulimeza kwa nia. Nilikuwa natoa machozi na mate mbele ya watu wazima wanaonitazama kama mtoto mtundu.

Zahanati wakasema vidonda vya tumbo. Nikameza dawa, nyingine zikipita, nyingine zikigoma. Nikarudi, wakanipa zilezile. Gauni langu la Idi lilikuwa linanizunguka mwilini, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nakonda. Waliniuliza kama nimegombana na mtu.

Korosho zilipoanza kuokotwa, mume wangu, Baba Shani, alichoka kubishana na ndugu zake. Akanipeleka Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Huko waliniingiza mpira kooni, wakakata kipande kidogo cha nyama, wakapima. Siku ya majibu daktari alikuwa na wanafunzi wake. Aliwaeleza wao. Alisema saratani ya umio, yaani njia ya chakula, akawaonyesha picha kwenye kioo, wakaandika, wakatoka, na mimi nimekaa palepale nimeshika kanga yangu. Baba Shani ndiye aliyemfuata mlangoni akauliza kama tunatakiwa kwenda nyumbani au kubaki. Kuanzia siku hiyo sikuitwa Mwanaidi tena. Muuguzi alikuwa akichungulia mlangoni anasema, "Umio aingie," nami nainuka.

Nilikaa Mbagala kwa mdogo wangu. Shani akaacha ushonaji wake Kibiti akaja kunihudumia. Baba Shani akarudi Nyamisati kusimamia biashara, na sitaki kumsema vibaya mtu aliyenisimamia, ila supu aliyoipika miezi ile ilikuwa chumvi tupu. Wateja walinipigia simu mgonjwa mimi kulalamika. Mmoja aliniambia nipone haraka, pweza wanaonewa.

Sasa nifike kwenye mistari. Kabla ya mionzi wanakulaza kwenye meza, wanakupiga picha, kisha wanakuchora kwa wino: mstari katikati ya kifua, mingine ubavuni, na alama za msalaba mdogo. Kijana aliyenichora aliniambia nisilowanishe. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu. Sikuambiwa ni ya nini, wala itakaa muda gani, wala itakuwaje ikifutika. Nilimuuliza nitaoga josho la swala vipi. Akasema, "Mama, wengine wanasubiri."

Wasioishi kwetu huenda wakaona swali langu ni dogo. Mgonjwa wa kwetu anaweza kupoteza nywele, mwili na sauti, na bado swala akaishika, maana ndiyo kitu pekee asichohitaji kusaidiwa. Mimi nilikuwa naoga kwa kitambaa, naruka kifua, naswali nimekaa. Moyo wangu ulikuwa umetulia. Wa wifi yangu haukutulia.

Siwema ni dada mkubwa wa mume wangu. Anaishi Kibiti, na kazi yake ni kuchora maharusi hina na piko. Toka Bungu mpaka Mchukwi, mwanamke akiolewa bila Siwema kumshika mikono, watu huuliza kuna ugomvi gani. Alikuja Mbagala Ijumaa moja asubuhi, siku chache baada ya kuanza kwangu mionzi, mvua za vuli zikinyesha. Alikuta sina nguvu hata ya kufunga kanga. Akachemsha maji mwenyewe, akakata ndimu, akatoa dodoki jipya kwenye mkoba. Nilimwambia pale kifuani wamekataza maji. Alinijibu kwa upole sana.

"Maji ya josho hayapiti kwenye wino, wifi. Swala zako zote hizi zinarudi."

Nilibisha, lakini sauti yangu wakati ule ilikuwa haifiki mlangoni. Shani alikuwa ametumwa sokoni. Siwema alinikalisha kwenye kigoda, akaanza upande wa kulia, kisha kushoto, anasoma dua chini kwa chini, na kwa ndimu na dodoki akasugua mistari yote mpaka ngozi ikawa nyekundu. Halafu akanipaka mafuta, akanivika nguo nyeupe, akanibusu kichwani.

Jumatatu nilipopanda kwenye meza ya mionzi, kijana alifungua kanga akasimama.

"Nani kafuta?"

Nikamwambia ni ndugu yangu.

"Si tulikwambia usilowanishe?"

"Mliniambia nisilowanishe," nilisema. "Hamkuniambia kwa nini."

Akaniteremsha. Ikabidi nirudishwe mwanzo kabisa: foleni ya picha upya, kuchorwa upya, kupangiwa mashine upya, na mashine yenyewe ikaharibika katikati ya hayo. Wiki zikapita bila mionzi. Mate yakaanza kunishinda tena. Shani alikuwa akinishika kichwa niyateme kwenye kopo, naye akigeuza uso nisimwone.

Kwenye benchi la kusubiria kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge wa Moshi, tukimwita Mama Elia, mgonjwa wa umio kama mimi. Benchi letu ulilijua kwa chupa za chai. Wenye magonjwa mengine walikuja na mifuko ya chapati, sisi tulikuja na chupa, na ndani yake hapakuwa na chai. Mama Elia alileta mtori aliouchuja mpaka ukawa mwepesi kama maji ya mchele. Siku niliyoteremshwa mezani alinimiminia kifuniko kimoja, akanisubiri nikinywe taratibu, ndipo akasema.

"Pole dada. Ile mistari ndiyo shabaha. Mashine inaelekezwa kwa mistari ile ipige palipo na ugonjwa, isipige moyo. Wangekwambia hivyo, nani angeifuta?"

Nililia pale kwa hasira. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi hivyo. Sentensi mbili, na mama muuza vitenge alizisema bila shida, akiwa na kifuniko cha mtori mkononi.

Wewe unayeanza matibabu haya, waulize. Wakikasirika, waulize tena. Ukienda nyumbani, waite wote wanaokuogesha, wanaokupikia, wanaokuombea, uwaeleze mwenyewe, maana anayekupenda bila kujua anaweza kukuondoa haraka kuliko asiyekupenda.

Siwema alipopigiwa simu kuelezwa, alikuja tena. Nilitarajia aseme nisamehe. Alikaa kwenye mkeka, akaukunja mtandio wake mapajani, akatazama ukuta.

"Mie nilikuona unakwenda, wifi. Nikasema usiende na wino kifuani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kulia kwanza, kisha kushoto. Ndimu. Nguo nyeupe. Bibi yao alipofariki tulimwosha pamoja mimi na yeye, naijua ile taratibu. Siwema hakuwa ameniogesha. Alikuwa ameniosha.

"Kwani nani kakwambia mie nakwenda?" nilimuuliza.

Nikamwambia maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa, na moja linalofaa: kwamba mikono ile imewajaza rangi wanawake wa wilaya nzima, nao wanaoga josho na kuswali na hina zao, na siku zote hizo maji yalikuwa yanapita. Maji yalikataa kupita kwangu tu. Aliondoka bila kunywa hata maji. Tangu hapo tukawa hatusemezani.

Nilipochorwa mara ya pili, hawakutaka kubahatisha. Yule kijana alichukua sindano, akadondosha wino, akanichoma: nukta moja katikati ya kifua, chini kidogo ya shingo, na moja kila ubavu. Zilikuwa ndogo kama chembe ya pilipili manga iliyotwangwa.

"Hizi hazifutiki," alisema.

Nilimuuliza kama hiyo si ndiyo tatuu. Akasema ni alama. Nikamuuliza itatoka lini. Akasema haitoki. Yaani nimekaa duniani miaka yote hii sina hata chale, nimemkataza binti yangu kutoboa pua mara ya pili, halafu mtu anitie tatuu ya maisha ndipo anieleze. Ningekubali, jamani. Wangeniuliza, ningekubali bila kupepesa macho. Nilitaka kuulizwa.

Mionzi ikaendelea, na dripu katikati yake. Vuli ikaisha, joto likaja, masika ikaanza kunguruma. Kifua kiliungua kwa nje kikawa cheusi, na kwa ndani kilikuwa kama nimemeza kaa la moto. Ulimi ulipoteza ladha. Chumvi haikuwa chumvi. Wageni walikuja Mbagala na sufuria za kila aina, wakaniangalia usoni nikijaribu, wakisema jitahidi, jitahidi, kana kwamba nilikuwa mvivu. Mmoja aliniletea supu ya kongoro yenye pilipili mbuzi, akasema itafungua koo. Nilimpa Shani aitoe nje pamoja na mwenyewe.

Kitu kimoja kilipita kooni. Asubuhi moja kondakta wa gari la Kibiti alimpigia simu Shani aende stendi ya Rangi Tatu, kuna mzigo. Mzigo ulikuwa chupa ya chai nyekundu, na ndani yake supu ya kambale. Kambale wa kwetu, wa mabwawa yanayobaki mto ukirudi nyuma, amechemshwa mpaka mifupa imelainika, akachujwa kwa kitambaa, hakuna pilipili, hakuna mwiba, ndimu imepita kwa mbali tu. Hakuna ujumbe. Shani alisema hajui imetoka kwa nani, na alikuwa anaangalia miguu yake.

Nilijua. Anayechuja kambale kwa kitambaa ukoo mzima ni mmoja. Nilitaka kuimwaga, na nasema kweli, niliishika chupa nikainuka. Lakini harufu ilipofika nikahisi njaa, na sikuwa nimehisi njaa tangu mashamba yamelimwa. Nikanywa nusu kikombe kwa kijiko. Ikashuka, haikuchoma.

Chupa ikawa inakuja na kondakta, inarudi tupu, inakuja tena. Sikutuma salamu, naye hakutuma. Hakuna kinachoudhi kama kuwekwa hai na mtu ambaye humsemeshi. Kila kijiko kilikuwa kinanikumbusha ule mkono na dodoki, na kila kijiko nilikitaka. Nilimlalamikia Mama Elia kwenye benchi kuhusu jambo hilo. Akasema nikichoka kulalamika nimpe yeye hiyo chupa.

Nilimaliza mionzi masika ikiwa imekolea, barabara ya Nyamisati haipitiki. Nilikaa Kibiti kwa dada wa rafiki yangu, si kwa Siwema, mpaka njia ilipokauka. Madaktari wakapiga picha wakasema uvimbe umesinyaa, nirudi wanipime tena. Mama Elia naye alimaliza salama, tunapigiana simu mpaka leo. Mpunga ulipotoa masuke, sikwenda kuwinga ndege. Nilirudi kwenye sufuria langu.

Sikuwa naweza kumeza kipande. Nilikuwa naonja kwa ncha ya ulimi, natema, namuuliza Baba Shani chumvi imekolea. Na ile nukta ya katikati ilikuwa inaonekana kila ninapoinama kukoroga, kwa sababu gauni lolote linaloziba shingo lilikuwa bado linaniwasha. Maneno yakaanza. Wengine walisema nimechanjwa na mganga. Wengine walisema Dar imenifunza uhuni uzeeni.

Asubuhi moja mama mmoja, abiria, alichukua bakuli, akatia ndimu, akanitazama kifuani. Akalirudisha mezani. Akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, kwamba yeye hanywi supu ya mkono wa mwenye tatuu.

Bakuli lilikuwa limejaa. Nililichukua nikalinywa mwenyewe, mbele yake, nimemkazia macho. Nilikuwa na hasira ya matonge, ya "Umio aingie", ya "wengine wanasubiri", ya dodoki, ya kila mtu aliyenitazama akaona maiti au mhuni. Nilikunywa mpaka bakuli likawa jeupe. Baba Shani alikuwa amesimama na upawa hewani.

"Mama Shani," alisema. "Umemeza pweza."

Kweli nilikuwa nimemeza. Vipande vilikuwamo, na vimeshuka, na sikuhisi vimeshukaje. Yule mama alipanda boti na njaa yake. Mimi nilikaa chini ya meza nikacheka mpaka nikapaliwa, na kupaliwa kwenyewe kukapita.

Shani aliolewa baada ya mavuno, korosho zikianza tena. Siku ya hina shangazi wa bibi harusi haombwi kuja, ni haki yake, na shangazi wa Shani ndiye Siwema. Alikuja na mkoba wake, akaketi mkekani, akamchora mwanangu mikono na miguu maua mazuri kuliko yote niliyowahi kuona. Tulipitishiana sinia, tulipitishiana maji, hatukutazamana. Wanawake wote chumbani walikuwa wanajua.

Alipomaliza kwa Shani, zamu ya mama ikafika. Nilikaa mbele yake. Akashika mkono wangu wa kulia. Nikautoa, nikashusha kanga mpaka chini ya shingo.

"Nichore hapa."

Siwema aliitazama nukta. Akasema piko haifai, ngozi imeshaungua, itanichubua, atatumia hina. Akauliza ua gani nataka.

"Ua sikulila," nilisema. "Nichore bakuli la supu yako."

Alisogea karibu, akaanza. Alichora bakuli dogo, ukingo wake mwembamba, nukta ikawa ndani yake, chembe ya pilipili manga inayoelea. Ukingo aliufuta kwa kidole mara mbili akauchora upya, na huyu ni mtu anayechora mishipa ya majani huku akipiga soga. Alipofika kwenye mvuke unaopanda shingoni, kichwa chake kilikuwa karibu sana na changu, nikasema kwa sauti ya yeye tu kusikia.

"Siku yangu ikifika, kama ungali hai, utaniosha wewe. Nani mwingine? Hii hina itakuwa imeshatoka zamani. Nukta utaikuta hapahapa. Isugue uone."

Tone moja la chozi likamdondokea kwenye kiganja, akalifuta kwenye dira lake. Akachovya kijiti.

"Tulia, wifi," alisema. "Mvuke unakwenda kombo."